Mikrobe za hopitali: kwa nini dawa zinazidi kushindwa

Mgonjwa anaweza kuingia hopitali kwa ajili ya mfupa uliovunjika ao operesheni ya tumbo, kisha akapata homa ingine humo humo ndani. Homa ikianza saa 48 ao zaidi baada ya kuingia, wanganga wanaihesabu kuwa imetoka hopitali. Hatari inazidi katika chumba cha wagonjwa mahututi: mule mtu ana mrija wa mashine ya kupumua kooni, mwingine wa mkojo, na sindano inayobaki ndani ya mshipa. Mikrobe zinapita mle.

Zinazosumbua sana ni Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter. Hii ya mwisho inaweza kukaa hai siku nyingi juu ya kitanda kikavu, na mikono ya watu inaipeleka kwa mgonjwa mwingine. Klebsiella nyingi zinavunja nguvu ya seftriaksoni, ile sindano inayotolewa karibu kwa kila homa kali. Aina hizo zilishapatikana Bukavu, ndani ya mikojo ya wagonjwa, katika utafiti wa miaka ya 2010.

Hapo wanganga wanatafuta meropenemu. Nayo ikishindwa, mara nyingi inabaki kolistini, dawa ya zamani iliyoachwa karibu miaka ya 1970 kwa sababu inaumiza figo. OMS inaiweka katika kundi la akiba.

Kuchagua dawa sawasawa kunahitaji labo: damu inaoteshwa, jibu linakuja kisha siku mbili tatu. Mgonjwa akizidiwa munganga hangojei. Anatoa damu kwanza, anaanza dawa kali, halafu anaibadilisha kufuatana na jibu. Pahali labo haina uwezo huo anabaki kukisia, na familia inauza mbuzi ili kununua sindano ya tatu.

Watu wanasema "mwili umezoea dawa". Sivyo, kilichozoea ni mikrobe. Ndiyo maana hata mtu asiyemeza antibiotike kamwe anaweza kupata mikrobe sugu kwa jirani wa kitanda. Mwaka 2019, duniani kote, usugu huu uliua moja kwa moja watu karibu milioni 1.27.

Anayelinda mgonjwa anawe mikono mbele ya kumugusa na kisha kumugusa, asishike mirija, na ana haki ya kuuliza kila siku: huu mrija bado unahitajika?