Presha Haikuwa Yetu: Historia Fupi ya Maradhi ya Moyo na Funzo Lake



Karibu kila Ramadhani hupita habari ya aina moja mitaani mwetu. Fulani alikuwa mzima, amefturu na jamaa zake, ameswali tarawehe, na alfajiri tunaambiwa hatunaye. Ukiuliza kapatwa na nini, jibu ni fupi: "Presha," au "Moyo tu." Tunamuombea maghfira, tunazika, na magharibi ikiingia tunakaa mbele ya sinia ile ile ya bajia na viazi karai.

Mauti ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na hilo Muislamu halijadili. Lakini kadari haijatukataza kuuliza sababu, wala haijatukataza kufunga ngamia kabla ya kutawakali. Basi hebu tuulize maswali mawili ya historia. Je, haya maradhi yamekuwa nasi siku zote? Na je, kuna jamii yoyote iliyowahi kuyapunguza?

KISII, MIAKA YA 1920

Swali la kwanza tulijibu kwa ushahidi wa hapa hapa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kisii. Mwaka 1929 alichapisha aliyoyaona katika jarida la madaktari la The Lancet. Katika muda wa miaka kama 2, wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa hospitalini hapo. Hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu.

Hakuishia hapo. Alipima pia watu wapatao 1,000 wasiokuwa wagonjwa. Akaona kwamba hadi kufikia umri wa miaka 40 hivi presha zao zililingana na za Wazungu. Baada ya hapo, za Wazungu zilizidi kupanda kadiri walivyozeeka, lakini za watu wa Kisii na majirani zao zilielekea kushuka.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba zama hizo watu waliishi peponi. Malaria, vichomi na maradhi ya kuhara viliwamaliza wengi, hasa watoto. Ninalosema ni kwamba mzee wa zama hizo hakuzeeka na presha. Yaani ile kauli yetu ya "ah, ni uzee tu, kila mtu mzima ana presha" si kweli. Babu wa babu yako pengine hakuijua.

KUTOKA KIJIJINI HADI NAIROBI

Sasa utaniambia, labda wale walikuwa na damu tofauti na yetu. Sawa, tuendelee.

Katika miaka ya 1980 watafiti, miongoni mwao daktari Neil Poulter, waliwafuatilia Wajaluo waliokuwa wakitoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kutafuta kazi Nairobi. Waliwapima, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Kabila moja, mila moja, wengine hata mlango mmoja. Matokeo kamili yalitoka mwaka 1990. Tangu miezi ya mwanzo ya kukaa mjini, presha za waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Uzito wao nao ulikuwa umepanda, na moyo ulipiga kwa kasi zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi, huku potasiamu, ile madini inayopatikana kwa wingi katika mboga na matunda, ikiwa imepungua.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Damu haibadiliki kwa kupanda basi. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Kijijini mtu alikula mboga za shambani na kutembea maili nyingi. Mjini akakuta chumvi katika kila kitu, akakaa, akawaza kodi ya nyumba.

Na mwili hufanya kazi kwa utaratibu wake. Chumvi ikizidi, maji huzuiliwa ndani ya damu, na presha kupanda. Presha ikikaa juu miaka na miaka, kuta za mishipa huchakaa. Mafuta mabaya hujijenga ndani ya kuta hizo kama uchafu ndani ya bomba, na moshi wa sigara huzidi kuziharibu. Siku moja damu huganda mahali palipokwisha kuwa pembamba, na kipande cha moyo hukosa damu. Huo ndio mshtuko wa moyo. Sisi huuita wa ghafla, lakini umetayarishwa kwa miaka 20 au 30.

WAKATA MITI WA KARELIA

Swali la pili linatutoa Kenya na kutupeleka mbali, kwenye nchi ya baridi na theluji: Ufini, au Finland kama wengi tunavyoiita. Mashariki ya nchi hiyo kuna mkoa uitwao Karelia ya Kaskazini. Katika miaka ya 1960 wanaume wa huko walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa wingi zaidi duniani kwa maradhi ya moyo. Na hawakuwa matajiri wanene wa kukaa vitini! Wengi walikuwa wakulima na wakata miti, watu wa shoka na jasho. Walianguka wakiwa na miaka 40 au 50, wakaacha wajane na mayatima.

Sababu ilikuwa mezani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walifuga ng'ombe wa maziwa, na siagi ikawa fahari ya kila nyumba. Mkate ni siagi, viazi ni siagi, maziwa ni ya mafuta mengi, samaki na nyama za chumvi. Mboga waliziona ni chakula cha mifugo. Juu ya hayo, zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara.

Elimu ilikuwepo wakati huo. Tangu mwaka 1948 madaktari wa Marekani walikuwa wakiwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, na kufikia miaka ya 1960 walishajua kwamba presha, kolesteroli na sigara huutangulia ugonjwa wa moyo. Lakini elimu iliyo ndani ya majarida ya madaktari haimfikii mama aliye jikoni.

Waliofanya jambo ni watu wenyewe. Januari 1971 mkuu wa mkoa, wabunge na viongozi wa vyama vya wananchi walitia sahihi ombi kwa serikali: tusaidieni, watu wetu wanakwisha. Mwaka 1972 mradi ukaanza. Na waliompa uongozi, vijana sikilizeni, alikuwa daktari ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 30, jina lake Pekka Puska.

VYUNGU VILIVYOBADILIKA

Puska na wenzake hawakuanza kwa kujenga hospitali kubwa ya moyo. Walikwenda kwenye chama cha akina mama wa nyumbani, chama cha Martha, kilichokuwa na matawi vijijini. Akina mama wakaitana jioni, wakapika pamoja vyakula vyao vya asili, lakini mafuta na chumvi vikapunguzwa na mboga zikaongezwa. Watu wakala, wakaona ladha ipo.

Wakawachagua watu wanaoheshimika katika kila kijiji, wakawafunza ili wao ndio wazungumze na majirani. Wakawaendea watengeneza soseji, na baadhi wakakubali kupunguza mafuta na kutia uyoga ndani yake. Wafugaji wa ng'ombe walikasirika, kwani siagi ilikuwa riziki yao. Basi ikaonekana haifai kumwambia mtu "acha" bila kumuonyesha njia nyingine, na wakulima wakasaidiwa kulima matunda madogo madogo yanayostahimili baridi ya kwao. Katika televisheni watu wa kawaida walionekana wakijaribu kuacha sigara, na wengine nyumbani wakaacha pamoja nao. Baadaye hata vijiji vikashindana ni kipi kitashusha zaidi kolesteroli ya watu wake.

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Mwaka 1972 karibu watu 9 kati ya 10 walipaka siagi kwenye mkate; miaka ilivyokwenda, wakawa wachache tu. Wanaume wavutaji walikuwa asilimia 52 mwaka 1972, na kufikia 1997 walikuwa asilimia 31. Na vifo? Ukilinganisha miaka ya 1969 hadi 1971 na mwaka 2006, vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa miaka 35 hadi 64 vilipungua kwa asilimia 85 hivi. Dawa na matibabu navyo viliboreka katika muda huo, ni haki tuseme. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokana na chakula, presha na sigara.

NA SISI JE?

Sisi tuna kitu ambacho wale wa Karelia walilazimika kukitafuta. Tuna msikiti unaotukusanya mara tano kwa siku, tuna madrasa, tuna vikundi vya akina mama, tuna vyama vya vijana. Na tuna mwezi mzima ambao mtu hujifunza kuizuia nafsi yake. Lakini tusijidanganye kwamba saum peke yake inatosha. Moyo unahesabu pia kinachoingia baina ya magharibi na alfajiri. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kuhusu kutolijaza tumbo kila mmoja wetu ameyasikia tangu chuoni, kilichobaki ni kuyaweka kwenye sinia.

Mama yangu, dada yangu, wewe ndiye daktari wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo katika achari, kachri na viungo vya pakiti. Punguza kidogo kidogo, ulimi huzoea. Mafuta yaliyokaangiwa jana yamwage. Tende, maji, mbaazi, samaki wa kupaka, matunda: futari ya wazee wetu haikuwa ya kukaanga kila siku.

Kijana, shisha si mvuke wa matunda. Ni tumbaku, na moshi wake unafika moyoni kama wa sigara. Na chama chenu kikiandaa futari ya pamoja mwaka huu, wekeni meza moja ya kupima presha kabla ya tarawehe. Mashine si ghali, na muuguzi wa mtaani hatakosekana. Presha ya juu mara nyingi haiumi wala haina dalili. Bila kupimwa hutajua. Ikikuta 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, nenda kliniki.

Mzee wetu uliye na dawa za presha au moyo, usiziache kwa sababu ya saum. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama akupangie saa za kumeza. Na akikwambia kufunga kutakudhuru, dini imekwisha kukupa ruhusa. Usione haya kuitumia.

Na nyote, jueni dalili. Maumivu au uzito kifuani, unaosambaa mkononi, shingoni au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi, na kwa wanawake pengine uchovu mkubwa na kichefuchefu tu. Usiseme "ni gesi, nitapumzika kwanza." Nenda hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane wa kumi la mwisho.

Watu wa Kisii wa mwaka 1929 hawakuwa na presha kwa sababu ya walivyoishi. Watu wa Karelia waliipunguza kwa sababu walikubaliana kuishi vingine. Sisi tuko katikati ya hao wawili, na uamuzi unaanza na chungu cha leo jioni.

Mwenyezi Mungu azitakabali saum zetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin. Ramadhan Kareem.