Shule ya mkataba si shule ya kukodi

Neno la Kiingereza "charter" liliingia kwetu kwa mlango wa usafiri: ndege ya kukodi, basi la kukodi la kupeleka watu harusini. Ndiyo maana mfasiri mwenye haraka akikutana nalo mbele ya jina la shule ya Marekani huandika "shule ya kukodi", na msomaji akabaki anajiuliza ni nani kaikodi na kwa shilingi ngapi. Hakuna aliyekodi kitu. Kwa mzazi Mkongomani aliyehamia Texas au Illinois na watoto wanne, kosa hilo lina gharama: akisikia kukodi atawaza ada, na shule ambayo ingempokea mwanawe bure ataipita mlangoni.

Asili ya "charter", au chata kwa matamshi yetu, ni waraka. Mwenye mamlaka anampa mtu au kundi ruhusa ya kufanya jambo fulani, kwa masharti na mipaka iliyoandikwa. Afrika Mashariki iliuonja waraka wa namna hiyo mwaka 1888, Malkia Victoria alipoipa chata Imperial British East Africa Company, na wafanyabiashara wakajikuta wanatawala nchi za watu. Karne moja kamili baadaye, mwaka 1988, Ray Budde, mtaalamu wa elimu wa Massachusetts, alichapisha kitabu kilicholihamishia neno hilo darasani. Picha aliyoiazima ilikuwa ya mabaharia wa zamani kama Henry Hudson, waliotumwa wakiwa na waraka mkononi. Hoja yake ilikuwa kwamba walimu wenye wazo wapewe waraka, wapewe muda, kisha watoe hesabu ya walichokifanya. Mwaka huohuo Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, aliipigia debe hoja hiyo. Miaka michache baadaye, alipoona kampuni za faida zinainyemelea, akageuka kuwa mkosoaji wake. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na City Academy ya mjini St. Paul ikafungua milango 1992.

Sasa tuipe jina. "Hati" inavutia, maana Tanzania vyuo vikuu hupewa Hati Idhini, na hiyo nayo ni chata. Lakini hati husikika kama kitu kinachotoka juu na kukaa kabatini. Chata ya shule ya Marekani ina pande mbili na ina tarehe ya kwisha, aghalabu baada ya miaka mitano. Upande mmoja ni mtoa idhini, ambaye huweza kuwa bodi ya elimu ya wilaya, chombo cha jimbo, au hata chuo kikuu katika baadhi ya majimbo. Upande wa pili ni waendeshaji, ambao mara nyingi ni shirika lisilo la faida. Serikali hutoa fedha kwa kila mwanafunzi na kuwaachia waendeshaji uhuru wa kupanga ratiba, mtaala na ajira. Wao huahidi matokeo. Ahadi isipotimia, shule hufungwa. Hayo ni makubaliano, na Kiswahili kina neno lake: mkataba. Kasoro yake ni kwamba kwetu "mwalimu wa mkataba" ni mwalimu wa ajira ya muda, kwa hiyo atakayesikia "shule ya mkataba" anaweza kudhani ni shule ya walimu vibarua. Dawa ni kuongeza neno moja: shule ya umma ya mkataba.

Hilo "umma" nalo lisiachwe kwa kuokoa nafasi. Shule hizi hazitozi ada, hazina haki ya kuchuja watoto kwa dini, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa kura ya bahati nasibu. Mkenya anahitaji onyo zaidi, kwa sababu nyingi hujiita akademi, na kwake akademi ni shule ya binafsi ya mzazi mwenye uwezo.

"Ya mjini", tafsiri ya neno "urban" linaloambatana na shule hizi, ni mtego mwingine. Kwetu shule ya mjini ni ile yenye umeme na walimu wa kutosha. Katika lugha ya elimu ya Marekani, "mjini" ni tafsida: husemwa kwa mitaa ya watu weusi na Walatino wenye kipato kidogo, iliyotelekezwa wenye fedha walipohamia vitongojini. Mfasiri aandike mtaa wenyewe. Urban Prep, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 2006 Englewood, kusini mwa Chicago, kama shule ya sekondari ya wavulana. Mwaka 2010 wahitimu wake wa kwanza, 107, wote walipata nafasi katika vyuo vya miaka minne, na nchi nzima ikashangilia. Mwaka 2022 bodi ya elimu ya Chicago ikapiga kura kuufuta mkataba wa shule hiyo, na mambo yakaishia mahakamani. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba neno mkataba halikuwekwa kwa pambo.

Limebaki hilo "Prep" la katika jina Urban Prep. Aliyesoma bweni anaijua prepo: saa za usiku, kengele imegongwa, zamu inapita kuwaamsha waliosinzia juu ya daftari. Prep ya Marekani ni shule nzima, aghalabu ya miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, iliyopangwa kumfikisha mwanafunzi chuo kikuu. Niseme chuo kikuu, si "chuo" tupu, kwa sababu chuo kwetu ni pamoja na cha ufundi na cha ualimu. "Sekondari ya maandalizi ya chuo kikuu" ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.

Ila maandalizi hayo yana hesabu mbili, ya kuingia na ya kumaliza, na kwa miaka mingi shule hizi zilitangaza ya kwanza tu. Mtandao wa shule za mkataba uitwao KIPP, ulioanzia Houston mwaka 1994, ulitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu wanafunzi wake wa mwanzo: takriban asilimia 33 walikuwa wamepata shahada ya miaka minne. Kwa watoto wa familia maskini ilikuwa juu sana ya kawaida ya nchi, lakini ilikuwa chini ya nusu ya walichojiwekea kama lengo. Wakazidi kuwafuatilia wahitimu wao hadi vyuoni, kwa washauri wa fedha na masomo. Mzazi anayeitembelea shule ya namna hii aulize wangapi walihitimu chuo kikuu, na aulize pia mkataba wa shule unakwisha mwaka gani.