Mgongano wa IRQ

Mgongano wa IRQ ni hitilafu ya kompyuta inayotokea pale vifaa viwili, kwa mfano kadi ya mtandao na poti ya seriali, vinapopangiwa namba moja ya kuomba huduma kwa prosesa. Kila kifaa hufanya kazi vizuri kikiwa peke yake, lakini vikitumika pamoja kimoja au vyote viwili hukwama. Hitilafu hii ilikuwa ya kawaida katika kompyuta za PC zenye nafasi za kadi za aina ya ISA, hasa miaka ya 1980 na 1990.

Chanzo

Kifaa kinapopokea data hutuma ishara iitwayo mkatizo, ili prosesa isimamishe kwa muda kazi iliyo nayo na kukihudumia. Ishara hiyo hupita katika njia yenye namba, nayo ndiyo IRQ. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8. PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa na 16, lakini moja ilitumika kuunganisha chipu mbili za kusimamia mikatizo, hivyo zikabaki 15.

Mpangilio wa kawaida wa poti za seriali ni huu:

- COM1: IRQ 4, anwani 3F8
- COM2: IRQ 3, anwani 2F8
- COM3: IRQ 4, anwani 3E8
- COM4: IRQ 3, anwani 2E8

Kadi ya mtandao ya NE2000 iliyotolewa na Novell, pamoja na nyingi zilizoiiga, kwa kawaida ilipangiwa IRQ 3 na anwani 300. Anwani hiyo haigusi poti za seriali, ila IRQ yake ni ile ile ya COM2 na COM4.

Dalili

Katika Afrika Mashariki huduma za intaneti za kibiashara zilianza katikati ya miaka ya 1990, na watumiaji wengi walijiunga kwa modemu na simu ya mezani. Ofisi yenye laini moja, tuseme mjini Sumbawanga, ingeweza kuweka modemu na kadi ya mtandao katika kompyuta moja ili igawie nyingine intaneti. Ikiwa modemu iko COM2, mtandao wa ofisini hufanya kazi mpaka modemu inapoanza kupiga simu; hapo mtandao hukatika, modemu haijibu, au kompyuta huganda. Katika Linux, draiva ya pili inayoomba IRQ hiyo huweza kukataliwa kwa ujumbe kwamba kifaa kinatumika.

Utatuzi

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi ya mtandao, kisha jaribu modemu peke yake. Ikifanya kazi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni mgongano.
2. Tafuta namba iliyo huru. Windows 95 huonyesha namba hizo katika orodha ya vifaa. Linux huonyesha zinazotumika katika faili la /proc/interrupts.
3. Hamishia kadi kwenye IRQ iliyo huru, mara nyingi 10 au 5, kwa jampa zilizo juu yake au kwa programu yake ya mipangilio. IRQ 5 huenda tayari inatumiwa na kadi ya sauti.
4. Andika namba hiyo hiyo katika mipangilio ya draiva. Kusakinisha draiva upya hakuhamishi jampa; kadi na draiva zisipokubaliana, tatizo hubaki.
5. Kama COM2 haitumiki, izime katika BIOS ili IRQ 3 ibaki kwa kadi ya mtandao.

Kutoweka kwa tatizo

Kadi za PCI, zilizoanza miaka ya 1990, zinaweza kutumia IRQ moja kwa pamoja, na mfumo wa Plug and Play hugawa namba wenyewe. Baadaye vifaa vingi vya seriali vilihamia USB. Hata hivyo, mashine za zamani zenye ISA bado huhitaji kupangwa kwa mkono, na mara nyingi kadi inayodhaniwa kuwa mbovu huhitaji kubadilishiwa namba tu.