Fasihi Ilipata Darasa

Mwaka 1903 kilitoka Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mhariri wake alikuwa Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maelezo ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima aliyefundisha Kiswahili Berlin. Humo mna jando, harusi, mazishi, ngoma, uganga na mambo ya utumwa, yote yamepangwa kwa jicho la mtu anayejua anachokieleza. Leo chuo kikuu kingekiweka kwenye rafu ya anthropolojia. Mtoro hakulihitaji neno hilo. Lake lilikuwa desturi, na kazi ikafanyika. Vivyo hivyo Abdallah bin Hemedi alipoandika juu ya watawala wa Usambaa, kazi yake iliitwa Habari za Wakilindi. Kwa Waarabu, neno tarikh hubeba siku ya mwezi na pia masimulizi ya yaliyopita. Waswahili walibaki na tarehe kwa maana ya kwanza, ile ya pili wakaiita habari, mpaka neno historia lilipoenea kwa njia ya shule.

Naanza na vitabu hivi kwa sababu vinapinga dai tulilolizoea, kwamba elimu za binadamu na jamii hazifundishiki kwa Kiswahili kwa kuwa hakina majina yanayolingana na ya Kiingereza kama sociology na linguistics. Dai hilo limegeuza mambo kichwa chini. Ukifuatilia safari ya majina haya utaona kwamba jina halikutangulia somo hata mara moja. Palipofundishwa kwa Kiswahili jina lilipatikana na likakaa; pasipofundishwa, hata jina zuri lilifia kwenye orodha.

Chukua fasihi. Katika Kiarabu neno hili ni sifa ya msemaji mwenye ulimi safi, na Waswahili walilitumia hivyo kwa muda mrefu; ndiyo maana bado tunasema mtu ana ufasaha. Somo lenyewe Waarabu huliita adab, lakini sisi adabu tulikwisha kuiweka kwenye malezi ya watoto. Kwa hiyo wataalamu waliichukua sifa ya msemaji wakaifanya jina la taaluma nzima, hadithi, tamthilia na ushairi vyote ndani yake. Isimu nayo ilikuwa na maana ya jina tu, kabla ya kupandishwa cheo kuwa elimu ya lugha. Hakuna aliyekuta maneno haya yakiwa tayari. Yalikaa kwa sababu mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Idara ya Kiswahili, na humo mihadhara, mitihani na tasnifu vikawa kwa Kiswahili. Mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi hakuweza kusubiri: kesho yake alihitaji neno la kiimbo, la kishazi, la mofimu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Kamusi ilikuja nyuma ya darasa. Neno likihama darasa, maana nayo huhama: nahau, ambayo madrasa huijua kuwa elimu ya muundo wa sentensi, shuleni leo ni misemo kama kupiga moyo konde.

Siasa nayo ilikuwa darasa kubwa, tena lenye wanafunzi nchi nzima. Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Ndiyo sababu Julius Nyerere aliweza kuuita mchezo wa Shakespeare Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 bepari akawa mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Kabaila akawa mwenye ardhi anayelimiwa na watu. Beberu, dume la mbuzi, akawa taifa linalotawala mengine. Hizi ni istilahi kamili za sayansi ya jamii, na mkulima aliyekuwa na redio alizielewa bila kupita chuoni. Mtu anaweza kusema zilitumika zaidi kukemea kuliko kuchambua. Ni kweli kwa sehemu, lakini kasoro hiyo si ya lugha: uchambuzi wa kitaaluma wa mambo hayohayo uliachiwa Kiingereza.

Wapo wanaouliza tumepata nini kwa kuacha maneno ya Kiingereza na kushika ya Kiarabu, ilhali yote ni ya kigeni. Jibu ni kwamba Kiarabu kiliingia na madrasa, karne nyingi nyuma, na maneno yake yamekwisha kuzaa nyumbani. Insia, jina la ndaki ya taaluma za binadamu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linatokana na insi, neno ambalo msomaji wa mashairi ya kale analijua kuwa ni mtu, asiyekuwa jini. Na uchumi hautoki mbali hata kidogo. Ni kuchuma kwetu. Wengine wanahofu kwamba majina yetu yatatutenga na ulimwengu. Lakini hata neno sosholojia, lililosambazwa na Mfaransa Auguste Comte karne ya 19, limeungwa kwa nusu ya Kilatini na nusu ya Kigiriki, na Waingereza walilichukua tu. Sina ugomvi nalo likibaki hivyo kwa Kiswahili. Linaloniuma ni kwamba hadi leo wapo wanaoandika sosholojia, wengine soshiolojia, wengine elimujamii, na hakuna mtihani wa kuamua.

Mwaka 1982 tume ya elimu ya Tanzania iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Kwa hiyo vyuo vyetu visingoje sheria wala kamusi nyingine: vichague kozi moja ya sosholojia na moja ya uchumi, vizifundishe kwa Kiswahili kuanzia mhadhara wa kwanza hadi mtihani, kama Idara ya Kiswahili ilivyofanya mwaka 1970.