NYEKUNDU INA KESI YA ZAMANI: Kutoka Shanga za Ujiji Mpaka Lipstiki Kavu ya Kasulu

Pita sokoni Kasulu au stendi ya Kibondo siku yenye watu wengi, utamkuta tu. Binti kavaa kitenge chake safi, nywele zimesukwa, na mdomoni kapaka nyekundu kavu, ile isiyong'aa ambayo mjini wanaiita mati. Wenzake watamsifia kwamba katoka bomba. Bibi mmoja kando ya mafungu ya maharage atanong'ona: "Watoto wa siku hizi!"

Kumbe mambo yenyewe si ya siku hizi.

Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858, alikuta soko ambalo shanga zilitumika kama pesa. Watu wa Buha walileta vyakula na mbuzi, wakaondoka na shanga, nguo na waya wa shaba. Kati ya shanga zote, zilizogombaniwa sana zilikuwa nyekundu, zikiitwa samesame. Burton aliandika kwamba zilikuwa na majina mengine ya utani. Moja lilimaanisha kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake azipate. Lingine lilimaanisha kivunja mji, eti wanawake wangewafilisi waume zao kwa ajili yake! Na fasheni ilikuwa inabadilika kama leo. Mfanyabiashara akileta shanga zilizopitwa na wakati, mzigo unamdodea.

Unaona? Miaka zaidi ya 160 iliyopita, mwanamke akipenda nyekundu tayari anaambiwa anavunja mji.

Lipstiki yenyewe ilikuja baadaye. Kichupa cha kuzungusha kilipata hataza Marekani mwaka 1923. Shida ya rangi za wakati ule ilikuwa kuhama: zinabaki kwenye kikombe, kwenye meno, kwenye kola ya mtu. Mwanakemia Hazel Bishop alifanya majaribio mengi jikoni kwake, na mwaka 1950 akaingiza sokoni lipstiki inayoganda mdomoni. Huyo ndiye unayeweza kumwita bibi wa hizi kavu za leo.

Huku Kigoma, reli ilifika mwaka 1914. Chini ya Waingereza, mkoa ukageuzwa ghala la vibarua, vijana wa Kiha wakipelekwa kukata mkonge, hasa Tanga. Hao ndio manamba. Waliorudi walirudi na nguo, sabuni na habari za mjini.

Halafu ikaja 1968. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, wigi, nguo za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Sababu iliyotolewa ni kulinda utamaduni wa taifa. Lakini kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo yaliwavamia akina dada, wengine wakiwa kwenye mabasi, mpaka polisi wakaingilia kati. Magazeti yakajaa barua. Wengine waliunga mkono. Wengine wakauliza swali gumu: mbona suti na tai za wanaume haziitwi uzungu? Uganda nayo, chini ya Idi Amin, ikapiga marufuku sketi fupi mwaka 1972.

Kwa hiyo bibi anayenong'ona pale sokoni huenda hana chuki. Huenda anakumbuka enzi ambayo pambo lingeweza kumponza msichana akapigwa hadharani.

Kilichobadilisha Kasulu na Kibondo zaidi ni watu. Vita vya Burundi kuanzia 1993 na vya Kongo kuanzia 1996 vilileta maelfu ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na Nduta ikafunguliwa tena 2015 kwa Warundi. Watu walifika wamepoteza nyumba na ndugu, lakini ufundi wa mikono wakaja nao. Zikaota saluni za mabanzi na cherehani za vitenge. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu, kusukwa na kupaka rangi kunamkumbusha kwamba yeye bado ni mtu.

Mwaka huohuo wa 2015 Kylie Jenner alitoa rangi zake kavu za maji, zikaisha mtandaoni ndani ya dakika chache. Fasheni ikasambaa, na feki zikafuata nyuma.

Sasa, kama unapaka nyekundu kavu kule juu, zingatia haya. Lipstiki kavu ina mafuta kidogo na rangi nyingi, kwa hiyo inaonyesha kila ufa wa mdomo, na kiangazi cha Kibondo na vumbi lake jekundu hakikuhurumii. Sugua midomo taratibu kwa sukari na asali. Asali ya Kigoma haina mpinzani. Paka mafuta kidogo, subiri, kisha yafute. Chora ukingo kwa penseli, halafu paka tabaka jembamba, likauke, ndipo uongeze la pili.

Adui namba moja ni migebuka iliyoungwa kwa mawese! Mafuta ndiyo yanayoyeyusha rangi hii, kwa hiyo kula kwanza. Jioni usiikwangue kwa kitambaa kikavu. Itoe kwa mafuta ya nazi. Usiazimane na shoga yako, maana vidonda vya mdomo vinaambukiza. Na kabla ya kununua, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikinuka vibaya, iache hapohapo dukani.

Samesame iliambiwa inavunja mji, na Ujiji bado ipo. Wewe nyekundu yako ya kwanza ulipaka lini, na nani alikusema?