Jua, Chakula na Kazi: Habari za Mifupa Yetu

Leo tutasoma habari za zamani zenye faida kwetu sisi na vijana wetu.

Mwaka 1650, daktari wa Uingereza, Francis Glisson, alitoa kitabu juu ya ugonjwa wa watoto. Mifupa yao ilikuwa laini, na miguu ilipinda ikawa matege. Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka. Watu waliacha mashamba wakahamia mijini, katika vichochoro vyembamba, na moshi wa makaa ya mawe ukalificha jua. Ugonjwa ukazidi. Msichana aliyeugua utotoni aliweza kukua na nyonga nyembamba. Siku ya kujifungua mtoto alikwama, na wengi walikufa.

Sababu ni nini? Mwaka 1890, Daktari Theobald Palm, aliyepata kufanya kazi Japani, aliandika kwamba huko ugonjwa huo ulikuwa haba. Aliwauliza waganga wa nchi nyingine, akaona kwamba penye jua jingi ugonjwa ni mchache. Akashauri watoto waotwe jua. Mwaka 1919, mjini Berlin, Daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto kwa taa yenye miali kama ya jua, na mifupa yao ikawa migumu. Mwaka 1922, Elmer McCollum wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yana kitu kinachozuia ugonjwa huo. Kikaitwa vitamini D. Jua likipiga ngozi, mwili hujitengenezea vitamini hiyo, nayo huusaidia kupokea kalsiamu iliyomo katika chakula.

Tena, mwaka 1892, Julius Wolff wa Ujerumani alieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaobeba. Mfupa usiotumika hudhoofika.

Ndugu kijana, mifupa yako huweka akiba mpaka karibu umri wa miaka 30. Baadaye akiba hiyo hupungua kidogo kidogo. Hata katika nchi ya jua, akaaye ndani kutwa hulikosa. Basi toka nje, tembea, lima, cheza mpira. Kula dagaa wazima, maziwa na mboga za majani. Acha sigara, maana nayo hudhoofisha mifupa. Akiba haiozi.

Maswali:
1. Kwa nini ugonjwa ulizidi mijini?
2. Daktari Palm aliona nini?
3. Wewe unaweka akiba gani ya mifupa?