Mbao Tabaka: Istilahi ya Sakafu

Miongoni mwa sakafu ziuzwazo leo kwa jina moja la sakafu ya mbao, mna aina tatu zisizofanana kwa asili wala kwa tabia, na anunuaye pasi na kuzipambanua aghalabu hulipa thamani ya kitu kimoja akapewa kingine. Ya kwanza ni mbao nzima, pande moja la mti tangu juu hata chini. Ya tatu ni lamineti, ambayo uso wake si mti bali ni picha ya mti iliyopigwa chapa katika karatasi, ikafunikwa kwa gundi ngumu ya melamini na kugandishwa juu ya ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa. Baina ya hizo ndipo ilipo istilahi yetu.

Mbao tabaka ni ubao wenye uso wa mti wa thamani, kama mninga au msaji, aghalabu wa unene wa milimita 2 hata 6, uliogandishwa juu ya matabaka ya mti hafifu, kila tabaka likilazwa hivi kwamba nyuzi zake zikate nyuzi za jirani yake. Kukatisha huko ndiko roho ya jambo lenyewe: mti, hata uliokwisha kupasuliwa na kukaushwa, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ukatanuka na kunywea kwa upana, ilhali kwa urefu hausogei ila kidogo mno; basi tabaka moja litakapo kutanuka, jirani yake, ambalo urefu wake umelala penye upana wa mwenziwe, hulizuia. Mbao nzima haina kizuizi hicho, na ndiyo maana iliyokaushwa kwa hewa ya Ulaya, ikitandikwa Tanga au Mombasa wakati wa masika bila kuachiwa nafasi kandokando ya kuta, hutanuka ikabinuka; ijapokuwa mninga, ambao hunywea kidogo kuliko miti mingi, hustahimili zaidi.

Huenda mtu akapendelea “mbao iliyohandisiwa”, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Siioni faida yake, kwani haimwambii mnunuzi lolote juu ya kile atakachokikanyaga, ilhali tabaka, neno la asili ya Kiarabu tulilokwisha kulizoea katika udongo na miamba, ladhihirisha umbo na sababu yake pamoja. Plaiwudi nayo ni ya matabaka, ni kweli, lakini haina uso mnene wa mti wa thamani uwezao kupigwa msasa upya uchakaapo. Unene wa uso huo ndio wa kuulizwa dukani kabla ya bei: wa milimita 2 hauvumilii msasa ila mara moja, tena kwa uangalifu mkubwa, na wa milimita 6 hukaribia umri wa mbao nzima.